Kisigino cha Punda

Kwa miaka isiyopungua 15 nilifundisha watoto wa watu kwamba punda ana magoti manne. Nilimchora ubaoni kwa chaki, nikaweka mishale, na pale kwenye kile kifundo kikubwa cha mguu wa nyuma, kilichochongoka kuelekea mkiani, nikaandika: goti. Siku moja mvulana wa Darasa la Tano alinyoosha kidole akauliza, "Mwalimu, mbona goti la nyuma la punda linakunjika kinyume na letu?" Swali lilikuwa zuri kuliko jibu nililompa. Nilimwambia kwamba Mungu ameumba kila kiumbe kwa namna yake, kisha nikamwambia akae.

Kumbe kile si goti. Goti la nyuma la punda, na la farasi vilevile, liko juu kabisa, karibu na tumbo, limefichwa na nyama ya paja, nalo hukunjika kuelekea mbele kama langu na lako, ndugu msomaji. Kile kifundo tunachokiona ndicho kifundo cha mguu, na ile ncha yake ya nyuma ni kisigino. Punda anasimama juu ya ncha ya kidole kimoja tu, kisigino kikiwa kimeinuliwa hewani maisha yake yote, kama mtoto anayenyemelea sukari kabatini. Hata lile tunaloliita goti la mbele ni kiwiko cha mkono chenye kukutana na kiganja. Yule mvulana sasa ni mtu mzima, na sijui yuko wapi. Ningependa kumwambia akae tena, nimjibu.

Nimeanza na kosa hilo kwa kuwa ni dogo, na mtu hulitaja bila kuona haya. Lipo lingine.

Nilisomea ualimu Mpwapwa, nikahitimu mwaka 1971. Ulikuwa wakati wa Elimu ya Kujitegemea, na mwalimu alitakiwa ajue jembe kama anavyojua chaki. Baadaye nikawa Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma. Kijiji chenyewe sitakitaja. Wanaokijua wanakijua. Maji tulikuwa tukiyachota kisimani, kwenye mchanga wa korongo, mwendo wa kama kilomita nne. Kamati ya shule ikanunua punda dume na mkokoteni wa matairi mawili, na kuanzia hapo mapipa mawili ya maji yaliingia shuleni kila asubuhi kabla ya paredi. Watoto wakampa punda yule jina la Bwana Afya, kwa sababu alipofika ndipo walipoamriwa kunawa.

Aliyemtunza Bwana Afya alikuwa mlinzi wetu wa shule, mzee ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Tulimwita Babu, walimu na wanafunzi sote. Babu hakumfunga punda wake kamba miguuni kama wengi wafanyavyo. Alimwachia achunge nyuma ya bustani na kumwita kwa mluzi, naye akaja.

Mwaka 1986, mwezi wa Septemba, Darasa la Saba likiwa linajiandaa kwa mtihani, Bwana Afya aliota uvimbe. Ulikuwa mguu wa nyuma wa kulia, upande wa ndani, mbele ya kile kifundo. Ulikuwa laini, mviringo, ukubwa wa limau. Hakuchechemea. Alikula kama kawaida na kuvuta kama kawaida. Lakini kila aliyepita aliuona, na kila aliyeuona alikuwa na la kusema. Mjumbe mmoja wa kamati alinieleza waziwazi kwamba mali ya shule inaharibika na Mwalimu Mkuu anatazama.

Babu aliniambia, "Mwalimu, huo usiuguse. Hayo maji ni yake mwenyewe. Tumpumzishe tu."

Nilimsikia vizuri kabisa. Nilisikia pia kwamba kumpumzisha maana yake ni watoto wabebe ndoo kichwani katika wiki za mtihani. Na kwa kuwa naandika kitabu changu mwenyewe, niseme na hili: sikupenda kuelekezwa na mlinzi mbele ya mjumbe wa kamati. Nikamwita mtu wa kijiji cha jirani aliyesifika kwa kutibu ng'ombe. Akapitisha wembe juu ya moto, Bwana Afya akafungwa kamba, na ule uvimbe ukapasuliwa.

Nilikuwa nimechuchumaa karibu, nikitarajia usaha. Haukutoka usaha. Yalitoka maji ya rangi ya manjano hafifu, maangavu, yanayovutika kama ute wa yai bichi. Babu aliyatazama, akageuza uso. Sikujua nilichokuwa nakitazama. Ule ulikuwa ni ute wa kiungo, mafuta yanayolainisha mifupa isisagane, na sisi tulikuwa tumefungua mlango wa chumba ambacho hakikupata kuingiwa na hewa ya nje tangu mnyama yule azaliwe.

Siku ya tatu mguu wote ulikuwa wa moto. Siku ya nne hakuweza kuukanyagia, akawa ameushikilia juu, unatetemeka. Bwana mifugo alikuwa mbali, alipofika alituambia kwamba uchafu umeshaingia ndani ya kiungo na gegedu inaliwa, na kwamba jambo la huruma lililobaki ni moja. Likafanyika jioni, watoto wakiwa wamekwenda nyumbani.

Katika kitabu cha kumbukumbu za shule niliandika kwamba punda amekufa kwa ugonjwa. Kamati ilipouliza ugonjwa gani, mjumbe yuleyule akasema huenda kidonda hakikusafishwa vizuri, na macho yote yakamgeukia Babu. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Palikuwa na ukimya wa kutosha kabisa, na mimi nikafungua faili nikatafuta ajenda inayofuata. Mwisho wa mwezi Babu aliomba ruhusa ya kwenda kwao, wala hakurudi. Watoto wakabeba ndoo.

Sikumgusa punda tena kwa miaka mitano.

Aliyenifungua macho alikuwa daktari wa mifugo, kijana tu kwa wakati ule, niliyekutana naye mnadani mwaka 1991. Palikuwa na punda wengi siku ile, naye alikuwa akiwapapasa miguu mmoja baada ya mwingine huku akiongea na wenyewe. Nikasimama karibu. Nilipomuuliza swali la tatu alitambua kwamba mimi ni mwalimu, akanipa somo ambalo nimelirudia kwa watu wengi tangu hapo. Nitalieleza hapa nilivyolishika, nikiongeza machache niliyojionea mwenyewe, maana wenye punda bado ni wengi nchini mwetu na wembe bado uko karibu.

Kwanza, alisema, usianze na uvimbe. Anza na mnyama. Simama mbali umtazame amesimamaje, kisha atembezwe mahali pagumu na tambarare, umwangalie akienda na akirudi. Punda ni msiri. Farasi akiumia atakuonyesha, lakini punda huficha maumivu mpaka yamshinde, kwa hiyo punda anayechechemea kidogo huenda anaumwa sana. Punda aliyeacha kula, au anayesimama peke yake akiwa ameinamisha kichwa, usingoje kesho.

Pili, umkaribie kwa adabu. Simama ubavuni, karibu na bega, weka mkono mgongoni, uuteremshe taratibu mpaka kwenye paja na kwenda chini, ajue muda wote mkono uko wapi. Wahenga wamesema asante ya punda ni mateke. Nami nimeishi na punda miaka mingi nikapigwa teke mara moja tu, tena kwa haki, kwani nilimjia kwa nyuma amelala usingizi wa kusimama. Nadhani msemo ule ulitungwa na mtu wa aina yangu ya mwaka 1986.

Halafu ndipo uguse. Gusa miguu yote miwili ya nyuma, kwa kuwa mguu mzima ndio kitabu cha majibu. Je, kuna joto zaidi upande mmoja? Je, ukibonyeza anauondoa mguu? Je, ni laini kama kiriba chenye maji, au kama unga uliokandwa, wenye kubakiza alama ya kidole, au kama jiwe? Na je, upo mahali gani hasa? Hapo kwenye mahali ndipo penye elimu yote. Kile kifundo kina mifupa 6 kwa kawaida, iliyopangwa ghorofa kwa ghorofa, na kano na vifuko vya ute vinapita huku na huko. Uvimbe hauoti ovyo. Unafuata ramani.

Ukiwa nyuma kabisa, juu ya ncha ya kisigino, kama kofia, hicho ni kifuko kilichojaa maji kwa sababu ya kugongwagongwa au kulala penye mawe. Huonekana vibaya lakini mara nyingi hakimlemazi mnyama. Dawa yake ya kwanza ni kutafuta kinachomgonga. Kwa punda wetu, tisa kwa kumi, ningetazama mkokoteni kabla ya kutazama mguu. Mikokoteni yetu haina breki. Penye mteremko mzigo wote humsukuma mnyama kwa nyuma, na ule ubao wa mbele unampiga visiginoni hatua kwa hatua mpaka afike chini.

Ukiwa chini kidogo ya ncha hiyo, upande wa nyuma, kiasi cha upana wa kiganja, ule mstari ambao ungepaswa kunyooka ukawa umebinuka, basi ni kano iliyovutika. Huyo anahitaji kupumzika wiki nyingi, hasa pakiwa pangali pana joto.

Ule wa Bwana Afya ulikuwa wa mbele, upande wa ndani. Hapo ngozi ya kiungo kikubwa cha juu ni legevu kuliko mahali pengine, kwa hiyo ute ukizidi hububujikia hapo. Daktari yule alinishika kidole akakiweka kwenye uvimbe wa namna hiyohiyo wa punda mmoja pale mnadani, na kidole kingine akakiweka nyuma ya kifundo. "Bonyeza wa mbele," akasema. Nikabonyeza, na kidole changu cha nyuma kikainuliwa. Maji yalihama kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Nikaelewa papo hapo kwamba lile halikuwa jipu, kwa maana jipu halina pa kukimbilia. Kidole kimoja na sekunde mbili vingetosha. Hakukuwa na haja ya kisomo chochote. Babu alikuwa amelijua hilo kwa kidole chake.

Nilinyamaza muda mrefu mno, hata daktari akadhani sijaelewa, akanieleza upya.

Upo mwingine unaofanana na huo, watu huuchanganya nao. Huu hukaa juu zaidi, katika ule mwanya ulioko mbele ya kano nene inayoshuka kwenye kisigino. Hutokeza kulia na kushoto, na ukibonyeza upande mmoja unatokeza upande wa pili. Huo haumo ndani ya kiungo. Ni ala ya kano iliyojaa maji. Asiyechechemea na asiye na joto mguuni aweza kuishi nao mpaka uzee.

Kisha kuna ule mgumu kama jiwe, chini, upande wa ndani. Huo ni mfupa. Vile viungo vidogo vya chini, ambavyo kwa kawaida husogea kidogo sana, vimeanza kusagika, na mfupa unajijenga juu ya mfupa. Mnyama wa namna hii huamka amekakamaa, akitembea kidogo analainika. Ukiukunja mguu ukaushikilia dakika moja hivi kisha ukamkimbiza, hatua za kwanza zitasema. Ajabu yake ni kwamba huenda baada ya miaka viungo vile vikashikana kabisa, na maumivu yakapungua.

Lakini ukiona mguu umevimba ghafla, wa moto, hataki kuukanyagia, au kuna kidonda karibu na kifundo kinachotoa maji ya manjano yanayovutika, acha kubonyeza. Hapo hakuna kutazamia. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama ni kwa kuuza kuku. Yaliyobaki yote yaweza kungoja, na mengi yao yanapona zaidi kwa kungoja. Na katika yote hayo hakuna hata moja linalotaka wembe wa mtu wa kijiji cha jirani, wala chuma cha moto. Nimeona punda wengi wenye makovu ya kuchomwa kwenye vifundo. Uvimbe wao upo palepale, umezungukwa na makovu.

Nilistaafu mwaka 2010, nikajenga pembeni mwa mji mdogo ambako maji ya bomba huja yanapotaka. Jirani yangu ni mama mjane ambaye amesomesha watoto wake kwa punda jike mmoja na madumu ya maji. Miaka ile ngozi za punda zilipokuwa zikitafutwa sana, kwa ajili ya ile dawa ya Kichina inayopikwa kwa gundi ya ngozi, wanunuzi walipita mpaka vichochoroni. Mmoja alimwona punda wa mama yule akiwa na uvimbe mguu wa nyuma. Akamwambia kwamba huyo hana mwezi, afadhali amwachie leo kwa bei ya leo.

Mama akaja kwangu jioni. "Mwalimu, shikamoo. Nimeambiwa wewe unajua miguu."

"Marahaba, mama. Sijui sana," nikamjibu, na nilisema kweli. Mikono yangu ilikuwa na baridi nilipomfuata uani.

Nilimtazama punda akitembea. Nikampapasa mguu mzima kwanza. Nikaugusa ule uvimbe: juu, mbele ya kano nene, haukuwa na joto. Nikabonyeza upande wa nje, ukatokeza upande wa ndani. Nikabonyeza tena, kwa kuwa nilitaka sana uwe hivyo na sikujiamini. Kwenye ncha ya kisigino nywele zilikuwa zimelika, na nilipousogeza mkokoteni nikakuta ubao wa mbele unafika palepale. Nikamwambia nionavyo, kisha nikamwambia asinisikilize mimi, amwite daktari wa mifugo. Gharama tuligawana. Mama alikataa nilipe yote, akasema yeye si ombaomba.

Daktari alikuja akabonyeza palepale. Akasema apumzike wiki sita, mkokoteni urekebishwe, mikanda ya nyuma iwekwe ili mzigo usimsukume kwenye mteremko. Wiki sita ni muda mrefu kwa mwenye kula kwa siku. Wajukuu wangu walibeba maji na watoto wake, nami nilibeba dumu moja asubuhi na moja jioni, na majirani walicheka kumwona Mwalimu Mkuu mstaafu na dumu begani. Mnunuzi alirudi mara mbili. Mara ya pili aliongeza bei, na nilimwona mama akiifikiria. Hakuuza.

Uvimbe ule haukuisha. Ulipungua, ukabaki kama yai la kuku, na punda yule amevuta maji miaka mingi akiwa nao, tena amezaa mara mbili. Mwezi wa Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia biashara ya ngozi za punda barani. Nilimsomea mama habari ile gazetini. Akauliza kama viongozi hao wanajua bei ya dumu la maji.

Mwaka uleule wa 2024 nilifunga safari kwenda kijijini kwa kina Babu. Nilikuwa nimeiahirisha kwa miaka 38, kila mara kwa sababu nzuri. Babu alikwisha kufariki zamani. Nilimkuta mwanawe, mtu wa makamo, akinipokea kwa heshima iliyoniumiza. Nikamweleza yote: wembe, ute, kitabu cha kumbukumbu, faili niliyoifungua pale kikaoni. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichora mchanga kwa kijiti.

"Mzee alitusimulia habari za punda yule," akasema. "Alisema alikuwa akimwita kwa mluzi, anakuja. Hayo mengine hakutusimulia."

Tukakaa. Mkewe akaleta uji. Baadaye akaniuliza kama ni kweli kwamba najifunza miguu ya punda, kwani wake mwenyewe, yule pale chini ya mkwaju, asubuhi huamka kama fimbo. Nikainuka, nikamwendea kwa ubavuni, nikaweka mkono mgongoni na kuuteremsha polepole. Kifundo cha kushoto, upande wa ndani, chini. Nikabonyeza. Ulikuwa mgumu.

"Ana umri gani?" nikauliza.

"Mkubwa. Alikuwepo baba akiwa hai."

Nikamwambia ampunguzie mzigo, asimfungie asubuhi kabla hajatembeatembea, na amwonyeshe daktari wa mifugo akipita. Akaniuliza kama auchome. Nikamwambia hapana.